Safari ya Kumzuia Zuhura

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Nawaeleza nilivyotoka Kisarawe kwenda Kibaha na fimbo yangu na mfuko wa mihogo, nia yangu moja tu: kumrudisha mjukuu wangu Zuhura.

Zuhura ni mpiga ngoma. Alikwenda Kibaha peke yake kusomea ualimu wa muziki. Siku moja akapiga simu: "Bibi, keshokutwa mtihani. Kila mtu anafundisha darasa ngoma ya kwao."

Moyo ukanilipuka. Ngoma anayoijua kuliko zote ni ile ya kumcheza mwali, tunayopiga wanawake tukishafunga mlango. Mwanamume hafundishwi. Nilitaka kumkataza, lakini mwanangu Bakari alikuwa amekaa hapo hapo, na simu yenyewe yake, inapiga kelele kama redio. Ningeitaja vipi mbele yake? Nikasema, "Haya, salamu zimefika."

Siku ya mtihani nikaondoka alfajiri. Pugu nikabadilisha gari, Mbezi nikabadilisha tena. Kondakta akanitania, "Bibi, fimbo hiyo ya nani?"

"Yako, ukizidisha maneno."

Akanishusha kituo cha Kwa Mathias, pale Kibaha, kwa adabu zote, nikauliza njia mpaka chuoni.

Chuoni akanipokea mwalimu wa kina Zuhura. "Shikamoo mama. Kuna tatizo?"

"Marahaba. Nimeleta mihogo." Ningemwambia nini, naye mwanamume?

Akaniwekea kiti barazani, karibu na dirisha la darasa. Nikachungulia. Ubaoni kuna mistari, na juu yake vidudu vyeusi vyenye mikia.

"Vile nini?"

"Ndiyo muziki wenyewe, mama."

"Mbona umenyamaza?"

Akacheka, akaingia ndani.

Zuhura akasimama mbele, kanipa mgongo. Hakujua kama nipo. Kijana mmoja mwenye ndevu akapaza sauti: "Zuhura, tupe ile ya mwali! Tumesikia Wazaramo mnayo!"

Nikashika fimbo, nikainuka nusu.

"Wewe ulitolewa mwali lini?" Zuhura akamjibu. Darasa zima likaangua kicheko, nami nikajiziba mdomo kwa kanga.

Mwalimu akasema, "Lakini hiyo ingekupa alama nyingi. Hapa hakuna aliyewahi kuileta."

"Basi zipungue, mwalimu. Ile ina wenyewe."

Zuhura akawagawia wenzake madebe, akawafundisha wimbo wa kufukuza ndege mpungani, ule wanaouimba hata watoto. Watu wazima na ndevu zao wanagonga madebe, wanapiga ukelele! Nikajikuta na mimi natikisa mguu.

Alipotoka akashtuka kuniona. "Shikamoo bibi! Kuna msiba?"

"Hakuna. Nilikuja kukurudisha."

"Kwa sababu gani?"

"Nilikuwa nayo, sasa sina. Pokea mihogo, itaharibika."

Akanitazama. "Kumbe ulikuwa unasikia?"

"Nina masikio."

Jioni nikarudi zangu. Nilichojifunza ni hiki: mtoto alikuwa mbali, hakuna wa kwao wa kumchunga, alama zinamwita, na bado alijua lipi la kutoa na lipi la kunyamazia. Mimi nilidhani kazi hiyo ni ya fimbo.

Nilipofika nikawaita wote uani. Nikasema: "Zuhura akirudi likizo, ngoma ya mwali ataisimamia yeye, mimi nitakaa pembeni. Na wewe Bakari, siku hiyo wachukue wanaume wenzako, hamieni kwa jirani mpaka mtakapoitwa."