Mgongo Mmoja kwa Mama

Mama alipopigwa na kiharusi upande wa kulia, kaka zangu wanne walikaa sebuleni kwake, Unyambwa, na chai haikuwa imepoa walipokubaliana kwamba nitahamia mimi. Kwetu mtoto wa kiume haoni utupu wa mama yake, na binti nilikuwa peke yangu. "Ng'ombe haelemewi na nunduye," alisema kaka mkubwa huku akitafuta kofia yake. Methali haina uzito. Mama alikuwa nao.

Nilimwinua kila alipotaka kwenda haja, kutoka kitandani mpaka kwenye kiti tulichokitoboa katikati na kuweka ndoo chini. Mwezi wa tatu nikasikia kitu kimekatika kiunoni. Nilimrudisha kitandani nimeuma kanga kwa meno, kisha nikalala sakafuni, sote wawili hatuwezi kunyanyuka. Siku hiyo nilimchukia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Hospitalini, dada mmoja wa mazoezi ya viungo, binti mdogo mwenye amri nyingi, alisema atanifundisha yoga. Nikamwambia yoga ni ya watu walioshiba. Akaniambia nipige magoti. Nilisimama kwa mikono na magoti, nikaupandisha mgongo kama paka aliyeamka, nikaushusha, huku napumua taratibu. Akanikataza kupalilia alizeti kwa miguu iliyonyooka, kama tulivyolelewa wote. Maji nibebe ndoo nusu, hata kama ni safari mbili. Na mama nimwinue kwa kukunja magoti, yeye akiwa ameegemea kifuani kwangu. La sivyo, alisema, mama atafutiwe mtu mwingine. Mtu huyo hakuwepo.

Kila asubuhi, baada ya kumpa mama shikamoo, nilitandika mkeka mbele ya kitanda chake. "Umekuwa mbuzi," alisema siku ya kwanza, maneno yakitoka kwa shida, mdomo ukicheka upande mmoja. Baadaye akawa ananihesabia pumzi kwa Kinyaturu, moja hadi kumi. Nikizembea, anaanza upya. Dakika hizo nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda.

Mgongo ukaanza kulegea. Mazoezi yalisaidia, sikatai, lakini pia mama alikuwa haniiti sana. Mara sita kwa siku zikawa tatu, tatu zikawa mbili. Nilimshukuru Mungu. Hapo ndipo nilipoanza kukuta sakafu imelowa, kati ya kitanda na ukuta, nikamgombeza.

"Mama, ukibanwa na mkojo si useme? Mimi nimekufa?"

Akageuza uso. "Nisamehe, mwanangu."

Nikapiga deki kwa hasira, na kesho yake tena.

Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye mkeka, kichwa nimekiinamisha karibu na sakafu, nikaona sisimizi. Walitoka mlangoni kwa mstari, wakapita uvunguni, wakaishia pale palipolowa. Mkojo wa mama haukuwa na sukari, tulishampima. Nikanyoosha mkono, nikagusa, nikanusa vidole. Ilikuwa chai ya tangawizi niliyokuwa nampikia. Kila nilipotoka nje alikuwa anaimwaga kwa mkono wake mzima, asije akahitaji kuinuliwa. Na nilipomgombeza kwa kukojoa, aliona heri akubali aibu hiyo kuliko kuniambia.

Nilimuuliza. Hakukana.

"Mgongo wako bado unauhitaji," alisema. "Mimi wangu umeshafanya kazi yake."

Nililia, nikamkaripia, nikamnywesha kwa kijiko nikiwa nimekaa naye mpaka ameze. Alimeza kidogo, ili kuniridhisha. Siku ya nne alianza kuweweseka tukamkimbiza hospitalini. Daktari alisema mwili ulikuwa umekauka maji muda mrefu, na figo zilikuwa zimechoka. Akauliza nani anamhudumia nyumbani. Nikasema mimi.

Alfajiri alipofariki tulikuwa tumeshamrudisha nyumbani. Kaka zangu walibaki nje, kama desturi inavyotaka. Jirani yetu, mwanamke mtu mzima, alishika miguu ya mama. Nilikunja magoti, nikapitisha mikono chini ya mabega yake, nikamvuta kifuani na kupumua nilivyofundishwa, nikamshusha kwenye mkeka wangu ili tumwoshe.

Mgongo haukuuma hata kidogo.