Ukuta wa Nyuma wa Nyumba ya Picha

Kutoka dirisha la Bi Mwanabaraka hadi mlango wa Nyumba ya Picha pana barabara na kiwanja kidogo cha mchanga. Mtu anaweza kuvuka na kikombe cha chai na kikafika kingali moto. Kwa muda mrefu ndivyo alivyofanya: alivuka alasiri, akakiweka kikombe kizingitini, akagonga mara moja na kurudi kwake. Hakuingia. Mumewe, Masoud, alikuwa amemwomba asiingie mpaka amalize.

Jengo lenyewe ni ghala la zamani la karafuu hapa Vitongoji. Vijana wa kijiji walilipaka chokaa, wakatundika picha zao, na jina la Nyumba ya Picha likalishika. Masoud ndiye aliyewafundisha. Maisha yake yote aliandika vibao vya maduka, na jina la mwenye duka lilipokauka alirudi kwenye picha zake mwenyewe. Alipaka watu wanaolima, wanaochuma karafuu, wanaotoka msikitini, na wote aliwapaka kwa migongo. Sura za watu, alisema, hakuumba yeye na hatojaribu. Wageni kutoka mjini waliudhani ni mtindo. Wanakijiji walijua ni tahadhari ya dini.

Kazi yake ya mwisho aliipaka moja kwa moja kwenye plasta, ukuta mzima wa nyuma, na aliufanyia kazi mlango ukiwa umefungwa. Mkewe aliwahi kumuuliza mna nini humo.

"Umo wewe," alimjibu, akaomba sabuni ya kunawia rangi.

Miezi miwili baadaye presha ilimpanda akiwa sokoni Chake Chake, akafa kabla ya magharibi. Bi Mwanabaraka aliingia eda: miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, nguo nyeupe, bila manukato, bila kuonana na wanaume wasio maharimu wake. Ukuta ulibaki ng'ambo ya barabara, na yeye hajauona.

Seif, mwanafunzi wa Masoud na sasa msimamizi wa nyumba hiyo, alifikiri amepata njia. Aliupiga ukuta picha akaituma kwenye simu ya Kijakazi, dada wa marehemu. Kijakazi alimpelekea wifi yake simu. Bi Mwanabaraka aliigeuza kifudifudi juu ya mkeka.

"Kaupaka ukuta mzima," alisema. "Mie nikautazame kwenye kiganja?"

"Wanasema unaweza kuivuta ikawa kubwa."

"Siivuti. Nitakwenda kwa miguu yangu siku nikitoka."

Angekwenda, lau si barabara. Barabara ya kijiji inapanuliwa na ghala limo ndani ya mpaka wake, hivyo litavunjwa. Ofisi ya mradi ilipendekeza picha zihamishiwe kwenye ukumbi mjini Chake Chake, na kabla ya kuamua ikaitisha mkutano wa kusikia maoni ya wananchi. Mkutano ulifanyika hapo hapo kiwanjani, wanaume mbele, wanawake nyuma, spika moja juu ya meza. Bi Mwanabaraka alisikia kila neno akiwa ameketi chini ya dirisha lake.

Ofisa wa mradi, msichana wa Wete aitwaye Khairat, alieleza ramani kisha akaomba maoni. Wa kwanza kusimama alikuwa Mzee Safari.

"Mie nataka libaki. Baraza lake lina kivuli kizuri cha kuchezea bao."

"Ndani uliingia lini, Mzee Safari?" Kijakazi aliuliza kutoka nyuma.

"Mie mlinzi. Mlinzi hukaa nje."

Watu walicheka. Kisha Kijakazi akashika maikrofoni.

"Kanituma wifi yangu, mjane wa marehemu. Anasema hapahamwi. Picha zisiguswe, ghala lisiguswe, na barabara ikitaka kupita ipinde."

Makofi yalipigwa. Ng'ambo ya barabara Bi Mwanabaraka alikuwa amesimama. Hakuwa ametuma hayo, na mwenye eda hapazi sauti kwenye kundi la wanaume. Alichukua simu yake. Simu ya Kijakazi ikalia karibu na maikrofoni, naye kwa kubabaika akaipokea na kubonyeza panapotoa sauti nje.

"Wifi, mie sikukutuma hayo," spika ikatangaza.

"Kumbe mjumbe kapitia kwenye chumvi," alisema Mzee Safari.

Khairat alisubiri kicheko kipungue, akasema kwa upole kwamba kama Bi Mwanabaraka yupo kwenye simu, basi aseme mwenyewe. Alikataa. Sauti yake isifike huko. Kijakazi aliizima sauti ya nje, akaibana simu sikioni, akawa anayarudia maneno kipande kwa kipande, kama bwana harusi anavyofuata maneno ya kadhi.

"Hapingi picha kwenda Chake. Huko zitaonwa na wengi. Na marehemu angependa. Anaomba ghala tu lisivunjwe mpaka atoke eda. Mna ukuta ndani hauhamishiki. Hajauona."

Hapakuwa na makofi safari hii. Khairat alisema mkutano ule ni wa kutoa maoni picha ziende wapi. Siku ya kuvunja si yeye anayeipanga, ila ataiulizia. Mikono ilipohesabiwa, wengi waliridhia Chake Chake. Wiki hiyo hiyo alirudi na jibu. Kazi za vijiji vinavyofuata zilitegemea kipande hicho na mkandarasi hakuweza kungoja. Ghala lingevunjwa mwezi mmoja kabla ya eda kwisha. Khairat alivuka barabara kumwambia Bi Mwanabaraka mwenyewe, akapewa chai, akainywa yote.

Kijakazi hakukubali yaishe hivyo. Alimleta Maalim Nassor, mwalimu wa madrasa, akamkalisha ukumbini kwa wifi yake, pazia likiwa katikati. Maalim alieleza kwamba mwenye eda anaweza kutoka mchana kwa haja yake: hospitali, shamba kama hana wa kumlimia, shauri la haki yake. Arudi kabla ya usiku.

"Basi ghala si hapo tu?" alisema Kijakazi. "Hata kiatu hakichakai."

"Umbali si neno," Maalim alijibu. "Neno ni haja. Bi Mwanabaraka, kwako hii ni haja?"

Kijakazi aliinamia pazia. "Sema ndiyo, wifi. Neno moja."



"Haja ni dawa na unga, Maalim," alisema Bi Mwanabaraka nyuma ya pazia. "Hii ni hamu. Ninayo nyingi, lakini ni hamu."

"Mimi sijakukataza."

"Najua. Wewe umeniuliza, nami sitaki kudanganya ndani ya eda yake."

Kijakazi alisema wapo wanawake waliotoka kwa madogo zaidi ya hayo, tena wengine aliwataja majina. Maalim alivaa viatu. Nje alimkuta Seif akifunga picha kwa magunia, akamweleza alichojibiwa. Seif aliweka kamba chini, akatazama dirisha la ng'ambo, akautazama ukuta wa mbele wa ghala. Kisha akampigia simu Khairat. Hakuomba siku, aliomba mpangilio: waanze kuvunja mbele, upande wa barabara, na wa nyuma wauache hadi baada ya sala ya adhuhuri. Kwa mkandarasi ukuta ni ukuta. Alikubali.

Siku hiyo katapila lilifika asubuhi. Mabati yalikuwa yameshashushwa na ndani mlikuwa mtupu. Ukuta wa mbele ulianguka kwa vipande vitatu na vumbi likaufunika mtaa. Bi Mwanabaraka alikaa nyuma ya nondo za dirisha, Kijakazi pembeni yake, shungi puani. Adhana ilipolia, dereva alizima injini akaondoka, na vumbi likaanza kutua juu ya majani ya migomba.

Ukuta ukaonekana wote, juani. Ulikuwa ufuo wa Vitongoji maji yakiwa yametoka, na safu ya wanawake wakielekea kwenye mashamba ya mwani, wote migongo. Mmoja, karibu na mwisho, alikuwa amegeuka kutazama kijijini. Mahali pa uso palikuwa plasta tupu. Huenda Masoud aliona haya kuupaka, huenda alikuwa hajafika hapo. Mwanamke huyo alijifunga kanga nyekundu yenye mwezi mweusi pembeni.

Bi Mwanabaraka alizishika nondo kwa mikono miwili. Hakulia, na Kijakazi, ambaye alikuwa amejiandaa kwa kilio, hakujua aweke wapi mikono yake.

"Kanga ile niliposwa nayo," Bi Mwanabaraka alisema. "Tuliichana tukafanya winda za mtoto wa kwanza. Haikubaki hata pindo."

"Nakumbuka."

"Sasa yeye aliiweka wapi miaka yote hii?"

 Walikaa wakitazama mpaka watu walipoanza kutoka msikitini na dereva akapanda tena kwenye katapila.