Kilichomuua Marehemu

Mama Fyuzi alikuwa na tabia moja iliyowachosha wateja kuliko bei yake: hakubali gari liondoke gereji kabla hajajua kilichoua kifaa alichobadilisha. Kontroli boksi ikiungua, ule ubongo unaoiambia injini lini imwage dizeli na kiasi gani, mafundi wengine hung'oa ya zamani, huchomeka nyingine, husema karibu tena. Yeye huilaza ya zamani mezani juu ya gazeti, huiita marehemu, kisha huanza kuuliza maswali kama polisi aliyenyimwa likizo.

Kazi hii hakuisomea. Aliolewa akiwa muuza spea, mwenye kucha ndefu na ulimi mrefu zaidi. Kucha zikakatikia kwenye nyaya za wateja wa mumewe, moja baada ya nyingine. Ulimi ulipona.

Asubuhi hiyo marehemu alitoka kwenye pikapu ya dizeli ya shemeji yake, mdogo wa mumewe. Boksi mpya ilikuwa imeshafungwa. Alikuwa ameiingizia namba za nozeli zinazopuliza dizeli, ameizoesha ufunguo, na injini ilinguruma kama paka aliyeshiba. Ila Mama Fyuzi hakuifurahia. Alikuwa ameinamia meza, ananusa.

"Shemeji, njoo uone. Huyu hakufa kifo chake."

"Mzike tu. Mimi nina safari."

"Hii ngao ya mbele umeichomelea juzi, rangi bado inanata. Kabla ya kuchomelea, uling'oa betri?"

"Niling'oa."

"Kweli?"

"Mimi nikudanganye wewe? Nimewahi kukudanganya mara moja tu, niliposema gauni lako la harusi limekupendeza."

Alicheka peke yake. Mama Fyuzi alikuwa anapiga hesabu isiyochekesha. Kama huyu bwana alichomelea betri ikiwa imeungwa, basi umeme wa kuchomelea ndio muuaji, na muuaji ameshakwenda zake. Lakini kama kweli aling'oa, muuaji bado yumo ndani ya gari, amejibanza kwenye nyaya mahali fulani, anaisubiri boksi mpya. Tangu mapambazuko alikuwa amezitikisa nyaya zote zilizofikika, injini ikiwaka. Hakuona kitu. Gari lililosimama halisemi ukweli wote.

"Niachie mpaka kesho nilitembeze na mzigo."

"Kesho? Muulize mwenye macho."

Mwenye macho alikuwa mama mkwe, ameshakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na zamu yake ya upasuaji ilikuwa mchana ule, hospitali ya kule chini ya mlima. Aliingoja mwaka mzima.

"Basi kodini gari."

"Nimpeleke mama yangu kwa gari la kukodi, na langu linanguruma hivi? Watu watanionaje?"

"Wanangu," mama aliita dirishani, "mkimaliza kugombana nitakuwa nimeshazoea giza."

Shemeji akakuna kidevu, akatazama saa, kisha akashusha sauti.

"Haya bwana. Nilichomelea betri ikiwemo. Nilikuwa naona aibu. Umeridhika?"

Mama Fyuzi alimtazama sana. Jibu lilikuwa ndilo alilolitaka, na hapo ndipo lilipomtia shaka. Akampa ufunguo. Kisha akachukua boksi la vifaa, akafungua mlango wa abiria. "Mama, sogea kidogo. Nakuja na nyie."

Walianza kuteremka. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili vilele vya miti.

"Hapa huwa natia frii," shemeji alisema, "linashuka lenyewe, dizeli inabaki kwenye tangi."

"Tia frii nikung'ate sikio."

"Mama, umesikia mkweo? Mla watu!"

"Nyie mtaniua kwa kicheko," mama alisema, akijifuta machozi.

Gari likaruka shimo. Taa ndogo ya njano ya injini ikawaka mbele ya usukani, ikazimika. Shimo jingine, ikawaka tena, ikabaki. Ngurumo ya injini ikafifia, ukabaki mvumo wa upepo na matairi. Gari halikupunguza mwendo.

"Shemeji." Sauti hiyo Mama Fyuzi hakuwahi kuisikia, haikuwa na utani hata chembe. "Betri niling'oa. Jibu la kwanza ndilo la kweli."

Mguu wa kushoto wa shemeji ulikuwa tayari unaipapasa klachi. Mama Fyuzi akapitisha mkono mbele ya mama mkwe, akamkamata goti.

"Usiikanyage! Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini sasa hivi. Ukiikanyaga inasimama, na breki na usukani vinageuka jiwe. Rudisha mguu. Polepole."

Mbele kona ilikuwa inawajia, na lori linapanda.

Mama mkwe aligeuza uso huku, akaugeuza kule, macho meupe kama maziwa.

"Mbona mmenyamaza? Hebu endeleeni, mlikuwa mnanichekesha."