Shimizi kwenye Kamba ya Kinyozi

Mama Pasi alikuwa na mkono mzuri wa kunyoosha nguo za watu, na ulimi ambao haukumnyookea mtu. Mumewe alipoambiwa na nesi wa kliniki kwamba binti yao ana usonji, alisema kwao hakuna watu wa namna hiyo, akafunga begi akaenda kutafuta wa namna nyingine. Na huyo ni mtu ambaye mama yake mzazi, ukimsogezea kikombe tu, hasemi na watu siku nzima. Ndugu zake wakamalizia kazi: mara mtoto amedekezwa, mara mama alikula nini wakati wa mimba. Mama Pasi aliwasikiliza wote, kisha akarudi kwenye nguo zake, maana mkaa ulikuwa unapoa.

Nesi alikuwa amemweleza taratibu. Ubongo wa mtoto huyu haujaharibika, umepangwa kivyake. Kelele zinamuumiza, mabadiliko ya ghafla yanamtisha, na akipanga vitu roho yake inatulia. Mama Pasi akajifunza moja baada ya jingine, kama mtu anayezoea tabia za mkwe. Uani walimwita binti huyo Bosi, kwa sababu hakuwa msemaji lakini kila kitu alikipangia mahali pake. Asubuhi moja alikusanya viatu vya milango yote akavipanga mstari, kuanzia kidogo mpaka kikubwa, na wapangaji wakachelewa kazini wakigombania ndala.

"Lalamiko moja tena, Mama Pasi," mwenye nyumba, mama mmoja mtu mzima, alimwambia siku hiyo, "utafute pa kuishi."

Na angepata wapi? Kila alikoulizia, wakimwona tu Bosi anajitikisa mlangoni, chumba kilikuwa kimeshachukuliwa.

Basi mchana mmoja fundi viatu, jirani yao, alirudi kula akakuta shimizi ya kijani ya mkewe inapepea kwenye kamba ya kinyozi, bega kwa bega na bukta ya kijani ya kinyozi mwenyewe. Pale uani kila chumba kilikuwa na kamba yake, na kamba ya mtu iliheshimiwa kama kitanda chake. Tena kinyozi alikuwa kapera, na alijipaka manukato. Kesi ikaisha kabla haijaanza.

"Shimizi ilitembea yenyewe?" fundi alimuuliza mkewe.

"Mimi nilikuwa sokoni. Iulize shimizi."

"Naiuliza bukta," fundi akasema, akamgeukia kinyozi.

"Kaka, mimi hata kufua kwenyewe sijui vizuri," kinyozi alijibu. Ilikuwa kweli, ila haikumsaidia.

Fundi akazing'oa nguo zote kambani akazibwaga chini, akamwambia mkewe akusanye vyake arudi kwao.

Mama Pasi alikuwa mlangoni pake, pasi mkononi. Alijua tangu alipoziona zile kijani mbili zimekaa pamoja. Akinyamaza, chumba kinabaki. Akisema, yeye na Bosi wako barabarani. Akamtazama mke wa fundi, mwanamke ambaye hakuwahi kumsaidia hata kaa moja la kuwashia moto. Alikuwa amesimama tu, mikono imelegea, anafukuzwa kwa kosa asilolijua. Mama Pasi alikuwa anakufahamu kusimama kwa namna ile.

"Ni Bosi," alisema. "Anapanga rangi."

"Kinyozi amekupa nini?" fundi akafoka.

Bosi, nyuma ya mama yake, akaziba masikio akaanza kuguna.

"Shemeji, shusha sauti. Kelele zinamuumiza."

"Nishushe sauti, nimeibiwa mke?"

"Lalamika, lakini taratibu."

Fundi akamtazama mtoto, akaendelea kumtukana kinyozi kwa kunong'ona. Lakini tusi la kunong'ona halina meno. Ikabidi kinyozi amsogelee, ametega sikio. "Hapo mwisho umesemaje, kaka?"

Kwa utulivu ule Bosi akatoka. Akaokota shimizi, akaianika. Akaokota bukta, akaiweka kando yake. "Kijani na kijani," alisema. Kisha akaangaza uani kote. Mwenye nyumba ndiyo kwanza alikuwa anatoka kusikiliza ugomvi, amejifunga kilemba cha kijani. Bosi akamwendea moja kwa moja, akakivuta, akaenda kukianika katikati ya bukta na shimizi.

Hakuna mpangaji aliyewahi kuziona zile nywele chache nyeupe.

"Haya, fundi," mwenye nyumba alisema, mkono kichwani. "Na mimi nimeolewa na kinyozi?"

Fundi akainama kuokota nguo.

"Ukimaliza kuokota, zifue," mkewe akamwambia, akaingia ndani akatia komeo.

Watu walicheka. Mama Pasi hakucheka, alikuwa anangoja hukumu yake.

"Mama, hilo ndilo lalamiko lenyewe," alisema. "Nipe muda nifunge vitu."

"Amelalamika nani? Kilemba ni changu, na mimi sijalalamika."

Mama Pasi akanyoosha mkono akitoe kile kilemba, akaona Bosi ameanza kukunja uso. Akaurudisha mkono.

"Nikikitoa sasa atalia. Lazima nimwambie kwanza, halafu tumsubiri akubali."

"Tumsubiri mpaka lini?"

"Kidogo tu. Pengine si kidogo."

Mwenye nyumba akalitazama jua, akakitazama kilemba chake.

"Basi niletee kiti."