Chakula cha Nguruwe Ukingoni mwa Msitu

Mimi ndiye niliyemshauri Mama awalishe nguruwe mwitu. Ilikuwa Jumapili mchana, niko nje ya kanisa letu la Oxon Hill, huku Marekani, naye kwenye simu kutoka nyumbani analalamika kwamba nguruwe wametoka msituni na kufukua viazi vitamu nusu shamba. Nikamwambia awe anawamwagia mahindi yaliyoharibika ukingoni mwa msitu, washibe huko huko. Sikuwa nimeyasoma hayo popote. Lakini ukishaishi Marekani, nyumbani kila unachosema huchukuliwa kama kimetoka kwa daktari, na mimi nilishazoea kutiiwa.

Msimu wa kwanza hawakugusa shamba. Nilijisifu mpaka wanakwaya wenzangu wakanichoka.

Mwaka uliofuata nilipata kazi ya kumtunza mzee mmoja wa Temple Hills, ambaye alitafiti nguruwe mwitu maisha yake yote kabla miguu haijamwishia nguvu. Asubuhi moja, nikimwogesha, nikamsimulia ujanja wangu. Hakucheka. Aliuliza wamelishwa kwa muda gani, kisha akanieleza polepole kwamba nguruwe jike hangoji umri, hungoja uzito. Kukiwa na njaa huchelewa kukua, hatafuti dume, na akizaa, watoto ni wachache na wengi hufa. Akishiba hubeba mimba hata kabla ya kutimiza mwaka, na huzaa wengi.

Wiki hiyo hiyo Mama alikuwa ameniambia kwa mshangao kwamba ameona jike dogo, lenyewe bado mtoto, likifuatwa na vitoto sita. Niliona aibu hadi nikashindwa kumtazama mzee. Nikamuuliza itakuwaje wakiacha kulishwa. Akasema watashuka wote shambani, na sasa ni wengi kuliko mwanzo.

Nilipotoka kazini nilimpigia Mama nikiwa kituo cha basi, nimejiandaa kuungama. Akanitangulia. Alisema mwaka huu hakupanda kitu, maana nguruwe wanamaliza chakula chao kisha wanakuja kumaliza chake. Nikamuuliza anakula nini.

"Nanunua mahindi sokoni," akasema. "Nusu yangu, nusu nawapelekea wale, vile ulisema. Usijali, mwanangu. Sijakosa hata siku moja."

 Nikamwambia amefanya vizuri.