Boksi Nyuma ya Pilipili

Mshonaji wa ghorofa ya tatu huweka insulini yake kwenye friji yangu, kwa kuwa ya kwake imekufa. Vidole vyake havitulii: akiongea anabana kiuno cha sketi yake kwa pini, kila mara ndani zaidi. Pumzi yake inanuka matufaha yaliyoiva kupita kiasi, na maji anayokunywa, hata sielewi yanakwenda wapi. Juzi, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu, alipokea mlangoni kijiko cha ngano iliyochemshwa kwa sukari kama kila mgeni, akaongeza cha pili, kisha keki. Dada yangu Desanka akamshika kiuno.

“We shoga, unakula hivyo na unazidi kukonda! Hebu nipe siri.”

“Kisukari, mpenzi. Nikugawie?”

Tukacheka. Nikaenda kumletea sindano yake ya baada ya kula. Boksi aliloniletea mwezi uliopita halikuwa limefunguliwa, na hana jingine. Nikaligeuza huku na huku kutafuta palipochanwa. Akaja, akalichukua taratibu, akalirudisha nyuma ya pilipili za siki.

“Usinitazame hivyo, jirani. Sindano inaninenepesha; nitajichoma gauni likishanikaa.”

Gauni gani? Alilovaa lilikuwa linamvuka mabegani.