Dawati la Upande wa Reli

Tulitoka upande wa ziwa alfajiri, mama, mimi na gunia la samaki wakavu, na basi likatupandisha milima ya Nandi mpaka masikio yangu yakaziba. Nilikuwa na miaka saba. Baba alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha nguo, Eldoret. Tuliposhuka niliona mvuke ukinitoka kinywani nikadhani naungua ndani. Mama alicheka, akanifunga leso yake shingoni. Tangu hapo nimelala katika miji mingi, rafiki. Nimeendesha lori, nimeuza viatu, nimepaka rangi nyumba za watu. Lakini baridi ya asubuhi, popote inaponikuta, hunirudisha Eldoret, na hunirudisha kwenye siku moja tu: ile ya kwanza ya kidato cha nne.

Shule yetu ilikuwa ya kutwa, ya wavulana. Januari shule ilipofunguliwa, walioingia kidato cha nne walibeba madawati yao wenyewe kutoka darasa la zamani, wakavuka uwanja wa mpira hadi chumba cha wazee. Ndivyo tulivyoitwa, wazee, hata sisi ambao ndevu zilikuwa hazijaota. Dawati lilikuwa lako tangu kidato cha kwanza. Ulichonga herufi zako kwa ncha ya bikari, ukajua mguu upi mfupi na karatasi ya kuuwekea ikunjwe mara ngapi. Mwalimu wa darasa alipoita rejista, dawati lisilo na mwenyewe lilipelekwa stoo na nafasi yake akapewa mrudiaji, yule anayerudia mwaka. Chumba kilikuwa cha wanafunzi arobaini. Warudiaji walisubiri nje ukutani, kila mmoja na dawati lake.

Nilikuwa na rafiki ambaye tangu kidato cha kwanza tulikaa bega kwa bega. Kwao kulikuwa shambani, nje ya mji, lakini wakati wa shule aliishi Langas kwa shangazi yake, mama aliyeuza mandazi langoni petu. Harufu ya iliki ya mandazi yale ilitufikia kabla ya kengele. Asubuhi ile shangazi alikuja bila beseni. Akanishika mkono.

"Kijana wangu, mwenzako amelazwa. Ni kifua. Daktari anasema Alhamisi atatoka. Usikubali wachukue nafasi yake."

Mwaka uliotangulia kijana mmoja alikuwa ameugua malaria siku kama hiyo, mama yake akaja kusihi, na bado dawati likaenda stoo. Mgonjwa na mtoro walihesabiwa sawa. Kwa hiyo nilipeleka dawati langu kwanza, nikarudi nikapeleka lake, umande ukiingia viatuni. Wenzangu waliniona na dawati la pili kichwani. Mmoja akaniuliza kama nimeoa, maana nilionekana kama mtu anayehamisha vyombo vya bibi. Nililiweka dirishani, upande wa reli. Siku zote alikuwa akitaka pale, ili aone treni ya mizigo ya Malaba ikipita na kuhesabu mabehewa badala ya kusikiliza hesabu.

Mwalimu wa darasa aliingia na rejista kwapani, beji ya chama kwenye kola ya koti. Alichagua monita, akaandika ratiba ubaoni chini ya picha ya Rais, akagawa zamu za kufagia. Ndipo akaanza kuita majina. Lilipofika la rafiki yangu, nilisimama. Mlangoni mrudiaji wa kwanza, kijana mrefu, alikuwa tayari ameinama kushika dawati lake, lenye kifuniko kilichofungwa kwa kamba ya katani.

"Yupo, sir," nikasema. "Ametumwa nyuma ya jikoni na slasha, kukata nyasi."

Mwalimu alinitazama. Akatazama dawati la dirishani. Sijui kama aliamini; mpaka leo sijui. Alichora mstari wa waliopo, kisha akaniletea fomu mbili za majina ya watahiniwa.

"Basi mjazie na yeye. Andika kwa mkono mzuri, hiki kitu hakifutwi."

Nikaandika. Nje yule mrudiaji alijitwika dawati lake na kuvuka uwanja peke yake. Nilimwona kupitia dirisha lile lile nililomtafutia rafiki yangu.

Alhamisi ilipita, hakutoka hospitali. Jumamosi nilimpelekea mandazi mawili kwenye gazeti. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yake. Mandazi hakuyagusa.

"Umeniweka wapi?"

"Dirishani. Upande wa reli."

"Basi usilikalie. Nakujua wewe, utaniwekea miguu."

Alifariki kabla ya likizo ya Aprili. Orodha ya watahiniwa ilikuwa imeshapelekwa Nairobi, na mrudiaji hangeweza tena kuingizwa. Hakuna aliyethubutu kuliondoa dawati. Treni ilipopita, darasa zima liligeuka kutazama, halafu tukarudi kwenye vitabu.

Wakati wa mtihani walibandika namba yake juu ya dawati kama zetu. Kila asubuhi msimamizi aliweka karatasi pale, na muda ulipokwisha akaichukua ikiwa safi. Mwalimu wetu alisimama mbali kwenye varanda. Hakuangalia upande wangu. Nilikuwa nimemwekea nafasi mtu ambaye hakukaa hata dakika moja, na nikamfungia mlango aliyekuwa amesimama hapo tayari.

Siku ya mwisho tulirudisha madawati stoo. Nilibeba mawili. Safari hii hakuna aliyeniuliza kama nimeoa. Nasikia stoo ile ilibomolewa, na watoto wa siku hizi hukuta viti vimeshapangwa. Shangazi hakurudi tena langoni, na harufu ya iliki sikuisikia tena pale.

Wiki iliyofuata niliondoka na sanduku la bati, na sijarudi kuishi huko. Stendi, kijana mrefu alilipokea sanduku langu akalipandisha juu ya basi. Aliposhuka tukatazamana, nikamjua: yule mrudiaji wa mlangoni. Naye alinijua.

"Yule wenu wa slasha," akasema, "alirudi?"

Niliitazama mikono yake, iliyopasuka kwa kamba.

"Alirudi."

"Akafanya mtihani?"

"Akafanya."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesubiri jibu hilo mwaka mzima.

"Basi ni sawa," akasema. Akapiga bodi ya basi mara mbili kwa kiganja, tukaondoka.